Sindano za seli kwa magoti na viungo: Ipi ni tiba, ipi ni biashara?



Leo tutazungumzia jambo ambalo limeingia majumbani mwetu kwa kasi, nalo ni tiba za viungo zinazotumia seli za mwili. Kijana aliyeumia goti uwanjani anaambiwa ipo sindano itakayomrudisha mchezoni. Mzee ambaye magoti yamesagika, sasa anaswali kwenye kiti nyuma ya msikiti, anaambiwa na jamaa zake kwamba nje ya nchi watu wanachomwa "seli shina" na goti linakuwa jipya. Mama mwenye maumivu ya nyonga anapelekewa nyumbani pakiti za unga zenye jina hilo hilo. Familia huchanga, na wengine huuza kiwanja. Hivyo ni wajibu kujua kwanza tunanunua nini.

Kiungo kimeumbwaje?

Mahali mifupa miwili inapokutana, kama vile paja na muundi wa goti, Allah (s.w) ameweka tabaka laini, jeupe na lenye utelezi linaloitwa gegedu. Ukila nyama ya kuku, ule ugumba mweupe ulio mwishoni mwa mfupa ndio huo. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisuguane na mfupa mwenzake. Pembeni kuna kamba imara zinazofunga mfupa kwa mfupa, ambazo ni ligamenti, na nyingine zinazofunga msuli kwenye mfupa, ambazo ni kano. Ndani ya kiungo mna ute unaolainisha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba gegedu haina mishipa ya damu. Ngozi ikikatwa, damu huleta vifaa vya kuziba jeraha, na baada ya siku chache kidonda hufunga. Gegedu haipati msaada huo. Inalishwa na ule ute tu, na seli zake ni chache na hazizaliani kwa urahisi. Hili si jambo jipya. Mwaka 1743 tabibu wa Uingereza, William Hunter, aliandika kwamba gegedu ikishaharibika hairudi. Karibu miaka 300 baadaye bado hiyo ndiyo kazi ngumu ya madaktari wa mifupa, na ndiyo sababu watu wakaanza kufikiria kupeleka seli mahali ambapo mwili wenyewe hauzipeleki.

Aina tatu zinazochanganywa

Tatizo kubwa ni kwamba watu huita kila kitu "seli shina". Kwa hakika kuna mambo matatu tofauti, na kila moja lina ushahidi wake.

Aina ya kwanza ni kupanda seli za gegedu ya mgonjwa mwenyewe. Tiba hii ilianzia mji wa Gothenburg, nchini Sweden, ambako mgonjwa wa kwanza alifanyiwa mwaka 1987. Daktari hukata kipande kidogo cha gegedu kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito. Maabara huzizalisha seli zake kwa wiki kadhaa mpaka zifikie mamilioni. Kisha mgonjwa hufanyiwa upasuaji wa pili, na seli hizo huwekwa kwenye shimo lililoharibika. Mwaka 1994 madaktari hao walitangaza matokeo ya wagonjwa 23. Kati ya 16 waliokuwa na shimo kwenye ncha ya mfupa wa paja, 14 walikuwa na hali nzuri au nzuri sana baada ya miaka miwili. Kati ya 7 waliokuwa na tatizo nyuma ya pia ya goti, ni wawili tu waliopata matokeo kama hayo.

Hii ni tiba ya kweli, na Marekani iliidhinisha bidhaa ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1997, na nyingine iitwayo MACI mwaka 2016. Lakini fahamu inamfaa nani. Inamfaa mtu, aghalabu kijana, aliyeumia akapata shimo moja au machache kwenye gegedu ambayo sehemu nyingine bado ni nzima. Haikusudiwi kwa goti la mzee lililosagika lote. Ni sawa na kuziba shimo la barabara, kwani lami ikiwa imekwisha kilomita nzima hakuna pa kushikiza kiraka. Aidha, gharama yake ni kubwa sana, na mazoezi ya kurejea kawaida huchukua miezi mingi.

Aina ya pili ni sindano ya PRP. Hapa mgonjwa hutolewa damu mkononi, nayo huzungushwa kwenye mashine kwa kasi mpaka igawanyike. Sehemu yenye wingi wa chembe sahani, yaani zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, huchukuliwa na kudungwa kwenye goti au kano. Chembe hizo hubeba kemikali zinazochochea uponaji, na ndiyo hoja yake. Tafadhali elewa kwamba PRP si seli shina, hata kama bango la kliniki linasema hivyo.

Je, inasaidia? Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Australia uliohusisha watu 288 wenye umri wa miaka 50 na zaidi na magoti yaliyoanza kusagika. Nusu walidungwa PRP mara tatu, nusu wakadungwa maji ya chumvi mara tatu, na hakuna aliyejua amepata kipi. Baada ya miezi 12, katika kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, waliopata PRP maumivu yao yalipungua kwa alama 2.1. Waliopata maji ya chumvi yalipungua kwa alama 1.8, tofauti ambayo kitaalamu haihesabiki. Na gegedu haikuwa na nafuu yoyote zaidi. Kwa upande wa kano, mwaka 2010 Uholanzi ilijaribu PRP kwa watu 54 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino, na matokeo yakawa hayo hayo. Zipo tafiti nyingine zenye matumaini zaidi, hasa kwenye kano za kiwiko, lakini ushahidi kwa ujumla unagongana.

Aina ya tatu ndiyo seli shina zenyewe. Hizi ni seli ambazo bado hazijachukua kazi maalumu. Kwa viungo, hutolewa kwenye uboho wa mfupa wa nyonga, kwenye mafuta ya tumbo, au kwenye kiungamwana cha mtoto aliyezaliwa. Matarajio yalikuwa kwamba zikidungwa kwenye goti zitageuka kuwa gegedu mpya. Mtaalamu wa Marekani Arnold Caplan, ambaye mwaka 1991 ndiye aliyezipa seli hizi jina la shina, mwaka 2017 aliandika kwamba jina hilo libadilishwe. Hoja yake ni kwamba ndani ya mwili hazifanyi kazi ya kujenga kiungo upya, bali hutoa ishara za kupunguza uvimbe na kuamsha seli nyingine.

Mwaka 2017 huo huo hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani ilitoa utafiti unaofaa kila mgonjwa aujue. Walichukua watu 25 wanaoumwa magoti yote mawili. Goti moja lilidungwa mkusanyiko wa seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, na la pili likadungwa maji ya chumvi, bila ya mgonjwa kujua lipi ni lipi. Magoti yote mawili yalipata nafuu, na kwa kiasi kile kile! Halafu mwaka 2023 ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa watu 475, pia Marekani, uliolinganisha seli za uboho, seli za mafuta na seli za kiungamwana dhidi ya sindano ya kawaida ya steroidi ambayo bei yake ni ndogo. Baada ya mwaka mmoja, hakuna aina ya seli iliyoishinda sindano ile.

Haki ni kusema pia kwamba ziko nchi zilizoidhinisha bidhaa chache maalumu za seli kwa magoti. Korea Kusini ilifanya hivyo mwaka 2012 na India mwaka 2022. Idhini hiyo ni ya bidhaa moja, kwa ugonjwa maalumu, baada ya majaribio. Haimhusu kila mwenye sindano na tangazo.

Kwa nini basi watu husema wamepona?

Ndugu msomaji, anayesimulia kwamba amepata nafuu si mwongo. Maumivu ya viungo yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda kudungwa siku yalipopanda kabisa. Baada ya sindano hupumzika, hufanya mazoezi aliyoagizwa, na moyo wake unatulia. Ndiyo maana hata maji ya chumvi yaliwapa watu nafuu. Kwa hiyo basi, ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mcheza mpira maarufu, hautoshi. Ushahidi katika tiba ni kulinganisha.

Madhara yapo

Wengine husema, "Kama haidhuru, si tujaribu tu?" Lakini kila sindano inayoingia ndani ya kiungo inaweza kuingiza vijidudu. Mwaka 2018 Marekani iliripoti watu 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona waliolazwa hospitali kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa zilizotokana na damu ya kiungamwana, ambazo hazikuwa na idhini. Ikiwa hili limetokea huko penye maabara na wakaguzi wengi, chumba cha nyuma cha duka la dawa kina hatari kiasi gani? Usaha ukiingia ndani ya goti unaweza kuila gegedu kwa siku chache.

Ama zile pakiti na vidonge vya "seli shina" vinavyouzwa kwa mtindo wa kuuziana na kuingiza wanachama, jambo lake ni rahisi. Seli ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama ya pilau. Haisafiri ikiwa hai mpaka kwenye goti. Na nyingi ya bidhaa hizo zimetengenezwa kwa matunda, kama vile tofaa na zabibu. Seli ya tofaa haiwezi kuwa gegedu ya mwanadamu. Ukitaka tunda, nenda sokoni, utalipata kwa bei ya haki.

Upande wa sheria

Uislamu unatuhimiza kutafuta tiba, na Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba kila ugonjwa una dawa yake isipokuwa uzee. Maswali yanayoulizwa ni haya.

Kuhamisha sehemu ya mwili wa mtu kwenda mahali pengine katika mwili wake huyo huyo: Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu, kwa sharti kwamba manufaa yanayotarajiwa yazidi madhara. Hapa zingatia neno manufaa. Tiba ambayo faida yake haijathibiti haitimizi sharti hilo kirahisi.

Seli shina: Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita ya Makka, katika kikao chake cha 17 mwaka 2003, liliruhusu kuzichukua kwa mtu mzima kwa ridhaa yake iwapo hazimdhuru, na pia kutoka kwenye kiungamwana na kondo la nyuma kwa ridhaa ya wazazi. Likakataza kuzichukua kwa mimba iliyotolewa makusudi bila ya sababu ya kisheria. Hivyo ni haki ya Muislamu kuuliza: "Seli hizi zimetoka wapi?"

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba utando unaobeba seli katika bidhaa ya MACI umetengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Wanazuoni wa zama hizi wametofautiana. Wapo wanaosema kitu najisi kikigeuka kabisa asili yake hukumu nayo hugeuka, na huo ndio mwelekeo wa semina ya fiqhi ya tiba iliyofanyika Kuwait mwaka 1995. Wengine hawakubali kwamba usafishaji wa kiwandani ni mgeuko kamili. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki wengi wetu ni Mashafi, na madhehebu yetu ni makali katika mlango huu. Hata hivyo, waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi wanakumbuka mas'ala ya mtu aliyeunga mfupa wake kwa mfupa najisi. Kama alihitaji na hakupata kilicho tohara, ana udhuru. Kama tohara ilikuwepo, hana udhuru. Basi muulize daktari kama upo utando mwingine usiotokana na nguruwe, kisha mpelekee sheikh wako jibu hilo kabla hajakufutu.

Nini kinasaidia hasa?

Alhamdulillah, yale yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa magoti ni mepesi na hayahitaji kuuza kiwanja.

Kwanza, kupunguza uzito kwa aliyezidi. Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Mtu akipunguza kilo 5, ni kama kulitua goti gunia la kilo 20 kila anaponyanyua mguu kwenda msikitini. Funga za sunna za Jumatatu na Alhamisi zinaweza kusaidia, ilimradi futari isiwe karamu. Mwenye kisukari azungumze na tabibu kwanza.

Pili, kuimarisha misuli ya paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke, hesabu mpaka 5, ushushe polepole. Fanya mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Ukizoea, ongeza kuinuka na kuketi kwenye kiti bila kujishika kwa mikono. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili ya kuharibu goti, lakini ukiona uvimbe siku ya pili, punguza. Usitarajie nafuu kwa wiki moja. Subiri wiki 6 hadi 12.

Tatu, dawa za maumivu kwa kiasi. Diclofenac na jamii yake zikitumiwa kila siku bila usimamizi huleta vidonda vya tumbo na huweza kudhuru figo. Ile ya kupaka ni salama zaidi kuliko ya kumeza. Goti likizidi kuuma, sindano ya steroidi kwa mkono wa mtaalamu ina nafasi yake, na goti lililokwisha kabisa lina upasuaji wa kubadilisha kiungo, ambao kwa wanaouhitaji umethibiti manufaa.

Nne, kwa vijana wanaocheza mpira, kinga. Mpango wa kupasha mwili moto wa FIFA 11+, wa dakika kama 20 kabla ya mazoezi, umeonyesha kupunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Na mchezaji akiumia, mpumzisheni, mfungeni bandeji, mumwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na mguu uinuliwe. Msimpeleke kwa mkandaji siku hiyo hiyo, kwani kukanda na kuvuta kiungo kilichochanika huongeza damu na uvimbe.

Muda wa kupona, ibada haisimami. Asiyeweza kusujudu kwa goti aswali kwa kadiri ya uwezo wake, akiwa amekaa au kwa kuashiria. Mwenye bandeji au plasta asiyoweza kuivua ana hukumu ya kupangusa juu yake, amuulize imamu wake namna ya kuitekeleza.

Wahi hospitali mapema ukiona kiungo kimevimba, ni cha moto na una homa. Huwezi kukanyaga kabisa. Goti limekwama halinyooki. Au mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu analalamika maumivu makali ya kiungo. Rufaa za mifupa zipo mikoani na katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).

Maswali matano kabla ya kutoa fedha

Iwapo bado unashauriwa sindano ya seli, hapa au nje ya nchi, uliza haya na utake majibu kwa maandishi:

1. Ugonjwa wangu unaitwaje hasa, na picha au kipimo kinaonyesha nini?
2. Mnachodunga ni PRP, seli za gegedu, au seli shina? Zimetoka kwa nani na zimekuzwa kwa kutumia nini?
3. Bidhaa hii imeidhinishwa na mamlaka gani ya dawa, na kwa ugonjwa wangu huu? Hapa Tanzania Bara mamlaka ya dawa ni TMDA.
4. Kama ni majaribio ya kitabibu, mbona ninalipia? Kamati gani ya maadili imeyapitisha?
5. Nikipata usaha au nisipopona, nani atanihudumia, na wapi?

Mwenye tiba ya kweli hatakasirika kuulizwa. Anayekukimbiza kwa kusema bei ya leo inaisha kesho, muache aende.

Elimu hii ya seli bado inakua, na huenda kesho Allah (s.w) akawafungulia wanaadamu kilichofungwa leo. Lakini mali tuliyonayo ni amana, na tutaulizwa tuliitumia katika lipi. Mzee wako akiwa na magoti mabaya, kabla ya kuchangisha ukoo, kaa naye kila asubuhi dakika 10 mfanye naye lile zoezi la kiti.

Tunamuomba Allah (s.w) awaponye wagonjwa wetu, awarudishie wazee wetu nguvu za kusujudu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin. Wallahu a'alam.